Jumapili Nitamfuata

Fortunée aliendesha gari kwa mikono miwili na jicho moja. Jicho la pili lilikuwa kwa binti yake Kethia, aliyekaa kando yake akila viazi vya kukaanga bila wasiwasi wowote. Msichana wa miaka kumi na sita, na alidhani anapelekwa Stafford kupimwa kitenge cha harusi ya binamu. Hakukuwa na harusi. Kulikuwa na Mchungaji Fidèle na akina mama kumi na wawili wa chumba cha maombi, waliokuwa wamefunga tangu Alhamisi, na wakishaingia humo mlango ungefungwa kwa ndani.

Yote yalianza Jumatano, nyumbani kwao DeSoto, Fortunée alipoinua godoro la mtoto abadilishe shuka, akakuta daftari. Vile vitabu vya Kijapani alivyoazima Kethia maktaba, vyenye wasichana wa macho makubwa kama sahani kwenye jalada, havikuwahi kumshughulisha. Vilitafsiriwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Fortunée kiliishia kwenye maboksi ya ghala alikofanya kazi. Lakini daftari hili lilikuwa la Kiswahili, kwa mwandiko wa Kethia mwenyewe.

“Heritier alikufa mwezi wa nne,” lilianza, “lakini kila jioni ananingoja kwenye kituo cha treni. Leo amenishika mkono. Mkono wake ni wa baridi, ila sitauachilia.” Kurasa themanini za namna hiyo, na mstari wa mwisho kabisa ulisema: “Jumapili, treni ikipita, nitamfuata.”

Heritier alikuwa mwana wa kwanza wa Fortunée. Alikufa kweli, na kweli mwezi wa nne, kwa malaria, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wiki tano kabla ya ndege yao ya kwenda Marekani. Jina hilo halikutamkwa tena nyumbani. Kwa desturi mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake, lakini tangu washuke Texas Fortunée aliwataka watu wote wamwite Mama Kethia, na aliyekosea hakuitikiwa. Basi nani angemcheka? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliamini amemwona nyoka mwenyewe, kaandikwa kwa wino wa bluu. Tena kila Jumanne Kethia alipanda treni kwenda darasani Richardson.

Angemuuliza tu. Kuuliza si ujinga, hata watoto wanaujua msemo huo. Lakini Mchungaji alimkataza kwenye simu. Pepo amevaa jina la kaka ili apate mlango, alisema, na akishtuliwa atahamia ndani zaidi. Naye Fortunée, mwanamke aliyewahi kubishana na maofisa watatu wa wakimbizi kwa siku moja, akamtii. Siku mbili hakwenda kazini. Alificha vidonge, akaficha visu, akasimama mlangoni pa chumba cha mtoto kusikiliza kama anapumua. Leo ilikuwa Jumamosi, na kesho ndiyo Jumapili yenyewe.

Walikuwa wameipita Huntsville simu ya Kethia ilipolia. Ujumbe wa sauti. Msichana aliubonyeza akidhani atausikia masikioni mwake peke yake, kumbe simu ilikwisha kujiunga na spika za gari.

“Kethia, mdogo yangu,” sauti ya mwanamke ikajaa garini, “sura ya mwisho iko wapi? Wiki mbili nangojea. Nasomeaka wenzangu hapa kwenye bomba la maji, na wote wanauliza kama huyu binti atamfuata ao hapana. Asante kuweka jina ya Heritier pahali pa ule Mujapani. Nikisoma, ni kama iko hapa. Lakini usimwambie mama. Hapendi kunisikia.”

Fortunée aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Matumaini, msichana aliyetaka kuolewa na Heritier. Posa ilikuwa haijapelekwa, kwa hiyo jina lake halikuingia kwenye faili la familia, na ndege ikaondoka, yeye akabaki kambini. Siku ya kuagana alishika mkanda wa begi la Fortunée mpaka dereva wa basi akamwomba aachie. Miaka mitatu Fortunée hakumpigia, maana angeanzia wapi?

Aliingia kwenye kituo cha mafuta, akazima gari. Kethia alieleza yote kwa pumzi moja, akilia: ni hadithi ya msichana wa Japani ambaye mpenzi wake alikufa maji, ina vitabu tisa, na Matumaini hajui Kiingereza. Kwa hiyo anamwandikia kwa Kiswahili, anapiga picha kurasa, anamtumia.

“Ni kitabu tu, Mama. Nina-translate.”

Fortunée alitaka kucheka, akataka kumzaba kofi, akataka kumkumbatia. Hakufanya hata moja. Aliuliza swali ambalo lilimkosesha usingizi siku tatu.

“Anamufuata?”

“Hapana. Kijana anakataa. Anamwambia aende kwa mama yake huyo kijana, wakule pamoja. Anaenda, anagonga, na yule mama anafungua mulango.” Kethia aligeukia dirishani. “Hiyo sura nilishindwa kuandika. Ningemwambia nini Matumaini? Siye hatukufungua.”

Simu ya Fortunée ililia. Ilikuwa Mchungaji, bila shaka akiuliza wamefika wapi. Aliiacha ilie mpaka ikachoka yenyewe.

Kisha akanyoosha mkono, akaomba simu ya Kethia, akauliza abonyeze wapi. Ujumbe wa kwanza ulikwenda mtupu, ngurumo za malori tu, maana mdomo ulikataa kufunguka. Aliona aibu mbele ya mtoto wake. Akabonyeza tena.

“Matumaini,” alisema, “ni miye, Mama Heritier.”