Karakana Isiyo na Bosi

Siku mafundi wa karakana ile ya sare za shule walipomfukuza msimamizi wao, waliapa kwamba hakuna atakayemwamuru mwenzake tena. Jambo likiletwa, linajadiliwa na wote kumi na wawili. Mmoja asipolitaka, analaza mkasi wake mezani, na jambo limekufa hapo hapo.

Mkataji wa vitambaa ndiye aliyeleta utaratibu huo, na ndiye aliyeutumia kuliko wote. Zamu za kufagia? Mkasi. Daftari la waliochelewa? Mkasi. "Bosi haji na tarumbeta," alipenda kusema. "Huja na kikazi kidogo." Wakamwita Bi Mkasi, na jina likamkolea.

Jumatatu moja wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye alikuwa mpiga pasi, akasimama.

"Jamani, waya wa pasi umechubuka. Naomba tumweke mtu awe anakagua vifaa. Akisema kizimwe, kizimwe."

"Mmoja aseme, sisi tuzime?" Mkataji akacheka. "Wifi, leo mkaguzi, kesho utamwomba ruhusa ya kwenda chooni!"

"Ningekuwa napenda vyeo, wifi yangu, ningeolewa kwenu?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini mkasi ulikuwa umeshalala.

Na ule waya Mkataji aliuona. Aliuona vizuri, shaba inachungulia. Alidhani, kwa kuwa hakuna wa kuamriwa, basi yupo atakayeushughulikia kwa hiari yake. Wenzake nao walidhani vivyo hivyo. Cha wote kikakosa mwenyewe.

Alhamisi umeme ukampiga wifi, pasi ikamwangukia mkononi.

Alipona, ila vidole viwili havikukunjika tena. Majuma kadhaa baadaye, jioni, Mkataji alikwenda kumwona nyumbani kwake, akaketi ukingoni mwa kitanda kama mgeni.

"Nisamehe, wifi. Nilikataa cheo, sikukukataa wewe."

"Kukataa sikulaumu. Yule msimamizi tulimkataa pamoja, na leo ningemkataa tena. Ila ulipomaliza kukataa, ulirudi kukata kitambaa. Mbona hukuniuliza, 'Haya, sasa huu waya tuufanyeje?'"

Mkataji akakunja ncha ya shuka.

"Rudi basi. Tutakutafutia kazi nyepesi."

"Nimeshapata. Kupokea nguo kwa dobi, kule mtaa wa pili."

"Kuna bosi?"

"Yupo, mkali kama pilipili. Ananikera tangu asubuhi hadi jioni." Wifi alivitazama vidole vyake. "Lakini nyaya zake nzima."

Wiki iliyofuata, suala la mkaguzi likaletwa tena karakanani. Fundi wa vifungo alilisema kwa sauti ndogo. Nyuso kumi zikamgeukia Mkataji, zinangoja ruhusa.

"Msinitazame mimi," alisema.

Wakaendelea kumtazama.