Swali la Baba Hadjara

Tangu direkta wa shule ampe kazi ya kuwashauri wanafunzi wa mwaka wa mwisho, Evangelina hakuwa na mapumziko. Alifundisha biolojia katika lise moja ya Rumonge, shule ya sekondari kando ya ziwa, madarasa yamejaa hadi wengine wanaandikia magotini. Hii kazi ya pili, waliyoiita orientasiyo, haikuwa na ofisi. Alipewa kona ya stoo, nyuma ya madawati yaliyovunjika, pamoja na rundo la vijitabu vya vyuo vikuu. Vingine vilisifia vyuo vilivyokuwa vimeshafungwa.

Wanafunzi walikuja baada ya masomo na swali lile lile: "Madamu, nisome nini nipate kazi?" Mwanzoni aliwajibu kwa moyo. Siku hizi alijibu huku akisugua macho.

Hadjara hakuuliza hivyo. Aliingia, akaketi juu ya dawati bovu na kusema, "Madamu, mimi nataka kusoma mambo ya samaki. Nijue kwa nini wanapungua ziwani. Lakini Baba amekataa. Anasema nikimaliza mtihani nibaki kwetu Magara, tuuze ndagala pamoja."

"Nawe umemwambia nini?"

"Nimemwambia utakuja kuongea naye."

Evangelina aliacha kusugua macho. "Mimi?"

"Ndiyo, Madamu. Kesho."

Kesho yake, miguu ikimuuma kwa kusimama tangu asubuhi, Evangelina alimwita Theonest ampeleke kwa pikipiki. Theonest alisoma kwenye lise hiyo hiyo, na ni Evangelina aliyemhimiza aende chuo kikuu Bujumbura. Alirudi na lisansi ya ekonomi, digrii yake ya uchumi, akatafuta kazi hadi viatu vikaisha, mwishowe akashika pikipiki ya kubeba abiria. Njiani hawakulizungumza jambo hilo. Walizungumza mvua, na barabara inayoliwa na ziwa.

Magara walimkuta Jafari, baba yake Hadjara, akigeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, juu ya vichanja. Alinawa mikono, akaleta viti vya plastiki, akamwambia Hadjara alete chai.

"Amahoro, Mwalimu. Karibu sana."

"Amahoro, Baba Hadjara. Murakoze, asante."

Evangelina alikuwa amejiandalia maneno njiani: akili ya huyu binti, mahitaji ya nchi, wasichana wengine waliofika mbali. Jafari hakumpa nafasi.

"Mwalimu, mimi sikatai shule. Huyu mutoto nimemsomesha mpaka hapa, na mimi mwenyewe vita ilinitoa darasani. Nakuuliza kitu kimoja tu. Wale unaowatuma Bujumbura, nionyeshe mumoja aliyerudi na kazi."

Alikuwepo Elda, mwanafunzi wake wa zamani, muuguzi sasa, mwenye sare nyeupe na mshahara. Evangelina angemtaja huyo, angekunywa chai, angerudi nyumbani kulala. Lakini Theonest alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale. Alikuwa amelisikia swali, na sasa ameinama, anajifanya kukagua mnyororo wa pikipiki.

"Mwangalie huyu," Evangelina akasema. "Nilimtuma mimi. Ana lisansi. Na ndiye amenileta hapa."

"Madamu!" Hadjara alikuwa amesimama na birika mkononi. "Umekuja kunisaidia ama kunizika?"

Jafari alimgeukia kijana.

"Kweli anavyosema?"

"Kweli, Mzee." Theonest alisimama wima, akajifuta mafuta kwenye suruali.

"Na unajuta?"

"Kuna siku najuta. Mvua ikinikuta barabarani najuta sana. Lakini mimi nilichagua ekonomi kwa sababu kila mutu alichagua ekonomi. Sikuwa najua nataka nini. Huyu anajua."

Jafari alimsogezea kiti. "Kaa, kijana wangu. Huko Bujumbura mutoto wa kike analala wapi?"

Basi wakaanza. Jafari aliuliza juu ya vyumba, chakula, msikiti, mtu akiugua nani anamwangalia, masomo yakichelewa mwaka mzima wanafunzi wanafanya nini. Theonest alijibu yote, mabaya na mazuri, mambo ambayo hayakuandikwa kwenye kijitabu chochote kule stoo. Hadjara aliweka birika chini, akasogea karibu, na baada ya muda yeye mwenyewe akawa anauliza. Evangelina alifumba macho kwenye kiti chake. Hakuna aliyemhitaji, na hilo lilimpumzisha kidogo.

Walipoaga, Jafari alisema, "Sijasema ndiyo. Ajaze hayo ya samaki kwenye fomu. Tuone Serikali itamupeleka wapi."

Njiani Theonest alipunguza mwendo. "Ungeweza kumtaja Elda."

"Ningeweza."

"Mbona ukanitaja mimi?"

"Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena. Nimekuumiza?"

"Kidogo," akasema, akaongeza mwendo hadi Rumonge.

Hadjara alifaulu mtihani. Lakini majina ya waliopangiwa masomo yalipotoka alikuwa amepelekwa kwenye kilimo, chaguo lake la pili. Evangelina alitazamia Jafari amzuie. Hakumzuia. Alifunga godoro la binti yake juu ya basi kwa kamba zake za nyavu, akaenda naye hadi Bujumbura.

Wiki kadhaa baadaye Evangelina alikuwa stoo, simu ya Hadjara ikaingia.

"Madamu, darasa limejaa. Nasikilizia dirishani."

"Unataka kurudi?"

"Hapana. Kuna profesa anafundisha mambo ya ziwa, mwaka wa tatu. Nimemuomba nikae nyuma nisikilize, baada ya masomo yangu."

"Akasemaje?"

"Amekubali. Amesema tu nitachoka."

"Utachoka kweli," Evangelina akasema. "Ule vizuri, mwanangu."

Mlangoni palikuwa na mwanafunzi mwingine anangoja. Evangelina alimwonyesha dawati la kukalia.