Kikombe cha Baba Mkwe

...na kwa Kiingereza, aliwaza Orçun huku ameshika kikombe cha kahawa ya posa juu ya kisahani, mtu aweza kupinga kwa namna tele, aweza kukataa kwa heshima, kukaidi, kukanusha, kugoma, kuasi, na zote anazifundisha yeye, Jumatatu hadi Ijumaa, katika kile kituo cha mitihani kilicho juu ya duka la mikate hapa Denizli, Kiingereza kushoto mwa ubao, Kituruki kulia, oppose, karşı çıkmak, object, itiraz etmek, resist, direnmek, na wanafunzi huitikia kama waimbao kasida, wala yeye mwenyewe hajapata kumpinga mtu, hata kinyozi anayemnyoa kupita kiasi humshukuru na kumwongezea bakshishi... na sasa huyu Bwana Nizamettin, muuza samani, baba yake Berrak, alikuwa akieleza, kwa sauti ya mtu apangaye makochi dukani mwake, kwamba ghorofa ya juu imekwisha kupakwa rangi, ya kijani, kwamba maharusi watahamia humo na kula chini kwake kila jioni, na kwamba ile kazi ya Berrak huko Izmir, naam, Izmir ni mbali, hospitali hata hapa zipo... kijani, ewe Mola, kijani gani... na Berrak alimwambia juzi kwenye simu, pasipo hata salamu, “Mimi nimembishia baba mpaka sauti imenikauka. Jumapili zamu yako. Ukinyamaza, beba maua yako na chokoleti zako urudi nazo kwa mama yako,” naye akajibu, sawa, mpenzi, kwa kuwa hajui kumpinga hata Berrak... “Au una pingamizi, mwanangu?” aliuliza Bwana Nizamettin, na sebule nzima ikamgeukia Orçun, mama yake akivuta pindo la sketi, ami yake Sabri, aliyekwisha kutamka posa kwa amri ya Mwenyezi Mungu na kauli ya Mtume wake, akiwa amejiinamia kama angojaye hukumu, na Orçun akafanya afanyavyo kila mwoga, akanywa.

Alijikaza kwanza, kwani chumvi ilikuwa haki yake, kila mposaji hutiliwa chumvi na bibi arusi mtarajiwa, huinywa kahawa yote bila kukunja uso, ndiyo ithibati kwamba atavumilia ndoa, ami Sabri hujisifu hadi leo kwamba yake ilitiwa na pilipili... lakini hii ilikuwa tamu. Tamu vilevile aipendavyo, sukari ya kadiri, povu limesimama, na moyo wake ukaporomoka, kwani mwanamke asiyejisumbua hata kukutilia chumvi amekwisha kukufuta, hakukasirika, hakugoma, amekuacha tu, na neno la hilo halimo ubaoni, wala kushoto wala kulia... ndipo alipoyaona masharubu ya Bwana Nizamettin yamesimama katikati ya kikombe. Macho ya mzee yalikuwa yakijaa maji, polepole, kwa adabu, mkono ukaisogelea bilauri ya maji, ukasita, ukarudi gotini, maana kuinyakua ni kukiri mbele ya wakwe, na mlangoni alikuwa amesimama Berrak na sinia lake, hamtazami mposaji kamwe, anamtazama baba yake, mtulivu kama daktari aliyekwisha kuandika dawa... basi hivyo ndivyo inavyofanywa, aliwaza Orçun, bila ubao, bila kuitikiana, kijiko kimoja tu cha chumvi, na mzee huyu mwenye nyumba na ghorofa na rangi yake akameza, akakohoa kidogo, akameza tena, kumbe hata yeye humezeshwa, kumbe dari halikuanguka, mama bado anavuta pindo, ami bado ameinama, saa ya ukutani bado inakokota mshale wake, na swali lenyewe bado limekaa pale mezani, kati ya maua na chokoleti.

“Nakuuliza, mwanangu,” alisema Bwana Nizamettin, kwa sauti iliyokwaruza, “una pingamizi?”

Maneno yote ya ubaoni yakampanda Orçun kifuani kwa pamoja, yakisukumana kama wanafunzi mlangoni, kisha yakatulia, yakaliachia njia neno moja tu, fupi kuliko yote, akakitua kikombe mezani, na kinywa chake, kitamu bado, kikafunguka.

“Ninalo, baba.”