Sharti Nililolifuta

Kwa jina lake Ajuaye yaliyoandikwa na yaliyofutwa ninaanza, na rehema zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema.

Watu wa habari hii ni wanne. Wa kwanza ni Chelagat, mtunza ghala la mbegu za viazi la chama cha wakulima huko Kuresoi, ambaye kwa miaka kumi na minne ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Kosgei ndiye mwenyekiti wa chama, na Peterson ni fundi wa programu kutoka Nakuru mjini. Wa mwisho ni mimi, mzee wa mtaa wa Bondeni huko huko Nakuru, niliyefundisha Kiswahili shuleni na kusomesha watoto msikitini hata ndevu zikawa nyeupe. Alikuwapo na asiye mtu: wakala wa akili unde, programu iliyokabidhiwa ghala ilisimamie.

Wakala hana macho wala mikono. Ana zana: ya kusoma baridi, ya kufungua matundu ya hewa, ya kuyafunga, ya kumpigia mtu simu; zote kumi na moja. Kila zana huandikiwa maelezo, naye huyasoma kabla ya kuitumia. Chama kilitaka maelezo hayo yawe ya Kiswahili ili wakulima nao wayakague. Ndipo Peterson akanijia.

"Mzee, hii si mtu," aliniambia. "Haikisii. Ukiiandikia nusu, itafanya nusu na ikushukuru."

Nilicheka. Nimelelewa na mizani ya mashairi tangu utotoni, na sentensi iliyopinda hunikera kama kokoto kiatuni. Nikaazimia kila zana ipate mstari wa vipande viwili vilivyolingana. Peterson alipoisoma rasimu ya kwanza alikuna kichwa.

"Imeandikwa poa mpaka naskia kulia. Lakini Mwalimu, hii ni ya kufungua ama ya kufunga?"

Desemba nilipanda Kuresoi. Chelagat alinipitisha kati ya trei za mbegu, machipukizi yake mafupi yana rangi ya zambarau, akawa anasema huku mikono ikigeuza viazi.

"Hapa kwa matundu uandike, unyevu ukizidi, ifungue. Lakini kwanza iangalie baridi ya nje. Ikiwa chini ya digrii nne isiguse, hata maji yakitiririka kwa ukuta. Januari huku nyasi huamka nyeupe. Hiyo kompyuta yenu haina ngozi, Mwalimu. Haiwezi jua."

Niliyaandika yote daftarini. Nyumbani, mstari wangu ulikuwa umekwisha kukaa: *Unyevu ukizidia, matundu yafunguliwe.* Nane kwa nane. Sharti la Chelagat liligoma kuingia. Kila nilipolisukuma, mizani ilivunjika. Nikajiambia: nani asiyejua kwamba baridi huua mbegu? Kumweleza mwenye akili jambo lililo wazi ni kumvunjia heshima, ndivyo tulivyofunzwa. Nikalipiga mstari.

Wiki ya tatu ya Januari, kabla ya jua kuchomoza, unyevu ulizidi ghalani. Wakala akatii. Baridi iliingia kama mgeni aliyefunguliwa mlango na mwenyeji wake, na kufikia adhuhuri trei zilikuwa zikidondosha maji meusi. Ilikuwa mbegu ya kaya sitini na mbili, na mvua ya Machi haikuwa mbali.

Tulikutana nje ya ghala. Peterson alisoma kumbukumbu ya wakala: *Nimesoma maelezo ya zana. Unyevu umezidi. Nimefungua matundu.*

"Mama, wewe ndiye unajua hii baridi," Kosgei alimwambia Chelagat. "Hukumwambia Mwalimu?"

Alinitazama. Hakuwa mwanamke wa kumwaibisha mzee mbele ya watu.

"Mwalimu yuko hapa," akasema. "Muulizeni."

Alinifungulia njia, akakaa kando. Nami, niliyefundisha watoto uzito wa ushahidi, nikajibu kwa sauti ya mimbari: "Katika karatasi nilizokabidhiwa na chama, sharti hilo halikuwamo."

Kila neno lilikuwa kweli. Sharti lilikuwa daftarini, na daftari mfukoni mwa kanzu, likinigusa ubavu. Kosgei akanyoosha mkono. Chelagat akalegeza kitambaa cha kichwa, akavua ule uzi wa ufunguo, akampa.

Siku tisa nilisimama safu ya mbele msikitini, nikiitika salamu za watu wanaoniita mwaminifu. Siku ya kumi nikapanda tena Kuresoi. Wakulima walikuwa wakigawana mbegu chache zilizotoka Kabazi. Nikafungua daftari, nikasoma maneno ya Chelagat kama alivyoyasema, kisha nikawaonyesha mstari uliopita juu yake na kuwaambia ni mkono wa nani ulioupiga.

Hakuna aliyenikemea. Mzee mmoja, kiazi mkononi, alisema taratibu, "Kumbe hata wewe huogopa watu."

Kosgei akatuma Chelagat aitwe. Alikuja na udongo mikononi. Nilimwomba radhi.

"Toa kalamu," alisema. "Mimi nasema, wewe andika vile nasema. Usipange."

Nikaandika: *Kabla ya kufungua matundu, soma baridi ya nje. Ikiwa chini ya digrii nne, usifungue. Ukikosa kipimo, usifungue. Mpigie mtunza ghala.* Peterson aliyanakili kwenye kompyuta yake, halafu akainua macho.

"Niweke namba yako, mathe?"

Kosgei alikuwa ameshika ufunguo, tayari kumrudishia. Chelagat hakuutazama.

"Weka ya Cheruto, yeye ndiye atabaki na ghala. Mimi Jumatatu naanza Rongai, kwa ghala ya mahindi."

Ewe Mola, wabariki waliobaki Kuresoi: Cheruto na simu yake, kaya sitini na mbili na mashamba yaliyopandwa nusu. Wajaalie wanaowaandikia wawe watu wa kusikia. Na huko Rongai, mpe Chelagat watu watakaomsadiki akisema mara moja. Amina.