Choo Cheusi cha Mkwe wa Veneranda

Kama kuna mtu pale Nyololo aliyejua kusimamia dawa, ni Veneranda. Kila asubuhi, kabla kuku hawajafunguliwa, alijipanga mbele ya mkwe wake Eveline kama askari wa zamu, mkono mmoja kidonge cha kuongeza damu, mkono wa pili kikombe cha chai.

"Fungua. Meza. Toa ulimi nione."

Eveline, mjamzito wa miezi saba, alitoa ulimi. Angefanyaje? Mumewe, Tadeo, alikuwa Makambako kwenye kazi ya mbao, na nyumba ilikuwa ya mama.

Chai yenyewe haikuwa ya mchezo. Veneranda alichuma majani ya chai Mufindi miaka ishirini na sita, na mtu wa hivyo humnyweshi maji ya kusuuzia vikombe. Aliichemsha mpaka ikawa nyeusi na kukausha ulimi. Kushushia dawa kwa maji matupu aliona ni umaskini wa kujitakia.

Sasa balaa ni kwamba damu ilikataa kupanda. Kliniki ya kwanza walipima wakakuta nane nukta nne. Ya pili, saba nukta tisa. Nesi Saida hakuzungusha maneno: ikishuka chini ya saba, Eveline anapelekwa Iringa mjini kuongezewa damu, na akijifungua akiwa hivyo, hata kutokwa damu kidogo kunaweza kumuua.

Veneranda aliogopa, na yeye akiogopa hugomba.

"Unavitema wewe! Unaficha shavuni kama nyani, nikigeuka unatema!"

"Mama, haki ya Mungu nameza."

"Tutaona. Leo ukienda chooni usimwage maji. Niite."

Jirani alikuwa amemwambia kwamba anayemeza vidonge vile hupata choo cheusi. Eveline alilia kwa aibu, kisha akaita. Veneranda akaingia na tochi ya simu, akainama, akachunguza taratibu kama anayechagua maharage sokoni. Cheusi. Cheusi tii!

"Yesu na Maria," akasema. "Kumbe unameza kweli."

Basi kama mkwe hana kosa, vidonge ndivyo vibovu. Kesho yake alimkokota Eveline hadi kituo cha afya, akaipita foleni nzima, akasimama mbele ya Saida.

"Mnatupa chaki! Na ushahidi ninao, nimeuona kwa macho yangu haya. Mnataka niwaelezee na rangi?"

Wajawazito kwenye mabenchi walicheka huku wameshika matumbo. Eveline alitamani ardhi immeze. Saida peke yake hakucheka.

"Anamezea nini, mama?"

"Chai yangu! Kikombe kizima, nzito."

"Kila siku?"

"Hata Pasaka."

Saida akavua miwani. "Mama, chai inayashika madini ya chuma ya kidonge humo tumboni, yanashindwa kuingia mwilini. Mengi yanapita tu na kutoka. Huko chooni ndiko ulikoyaona. Mpe kwa maji, au juisi ya chungwa. Chai asubiri kwanza saa mbili zipite. Na maini mpe, na mboga za majani zikamuliwe limao."

Veneranda akakaa kwenye benchi. Hasira yote ilikosa pa kwenda. Miezi miwili amemsulubu binti wa watu, amemwita nyani, amemchungulia msalani, na kumbe mharibifu wa dawa ni yeye mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka.

"Eveline mwanangu, nisamehe. Nimekukosea sana."

Eveline hakuwahi kumjibu mama mkwe tangu aolewe. Siku hiyo alimjibu. "Nimekusamehe, mama. Ila chooni usinifuate tena."

Baada ya wiki sita walipima: tisa nukta sita. Wiki ya pili yake uchungu ukamshika, mtoto wa kike akatoka vizuri, lakini kondo la nyuma likagoma kutoka. Damu ikamwagika. Veneranda, pale mlangoni, alianza Salamu Maria mara nne na kila mara akasahau katikati.

Mwishowe Saida akatoka, aproni imelowa.

"Amepoteza nyingi," akasema. "Ila safari hii alikuwa nayo ya kupoteza. Mzima. Anaulizia chakula."

Veneranda akaangua kilio koridoni, kamasi na yote, wala hakujali nani anamwona.