Matofali ya Pole

Jumanne asubuhi, siku ya tatu tangu mafuriko yapungue, akina mama wa kanisa la kona walifika kwa mshonaji wakiwa na mafagio kumi na moja, ndoo sita na sepetu mbili. Mshonaji hakuwa muumini wao. Jumapili zake zote zilikuwa za kupiga pasi sare za shule, na kwaya yao aliisikia kupitia dirishani, akiitikia pale alipoyajua maneno. Lakini tope halimuulizi mtu anasali wapi, na akina mama nao hawakumuuliza.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini wote. Cherehani ilikuwa juu ya meza, meza juu ya kitanda, na mshonaji mwenyewe amekalia ndoo iliyopinduliwa, akichokoa tope kwenye bobini kwa pini.

"Pole, dada," alisema Mama Mwenyekiti, na alisema kwa moyo, kwani yeye mwenyewe aliwahi kuangukiwa na nyumba. Tofali likadondoka karibu na mguu wake.

"Asante," alijibu mshonaji.

Mama Mwenyekiti alilisogeza kwa kisigino lisije likamkwaza mtu, akauliza waanzie wapi. "Pole sana," akasema wa nyuma yake, na tofali lake likawa kubwa zaidi. Kufikia saa nne tope la chumba cha mbele lilikuwa limetoka, na matofali yalikuwa arobaini. Mwashi wa mtaa, ambaye alipita kuangalia kama chai imechemka, aligonga moja kwa mwiko wake.

"Limeiva," alisema, akaenda kutafuta maji ya kuchanganyia udongo.

Ndani ya siku mbili mtaa mzima ulikuwa umeshazijua kanuni. Pole ya moyoni ilitoa tofali zima. Pole ya kupita njia ilitoa nusu, na pole ya mtu anayechungulia simu ilitoa donge bichi lililovunjika kabla halijafika chini. Mwalimu wa kwaya, mtu wa mipango, aliwapanga waimbaji wake wakaimba "pole" kwa sauti zote nne. Kilichopatikana ni changarawe, maana akili zao zilikuwa kwenye nota, lakini changarawe nayo ina kazi yake. Mkubwa mmoja aliposema "poleni wananchi" redioni, redio zote za mtaa zilitoa vumbi. Watu wakazipangusa, wakaendelea kusikiliza mpira.

Tatizo lilikuwa adabu. Mtu aliyelelewa vizuri akipewa pole hujibu, "Nimeshapoa." Kinyozi, jirani wa mshonaji, mstaarabu mpaka anakera, alipewa pole kama mia hivi, akaona wenzake wanachoka, akasema, "Jamani, asanteni, nimeshapoa." Matofali yakakoma palepale. Waumini walimpa pole mpaka koo zikakauka, wala kokoto haikuanguka. Ukuta wa kinyozi ukabaki wa magotini, na wateja wakawa wananyolewa huku wakisalimiana na wapita njia.

"Umepoa wewe, mimi bado," mkewe alisema. Akapewa pole zake mwenyewe, akajengewa chumba chake upande wa pili, akaweka na kufuli.

Baada ya hapo hakuna aliyepoa mtaani. Ukimuuliza mtu, anacheka: "Nipoe, nilale wapi?"

Mshonaji alikuwa na haraka kuliko wote. Mvua za pili zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Sare mia mbili za shule, alizozifua upya moja moja, zilikuwa chini ya turubai, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia kwa upole kwamba zikilowa tena kazi itakwenda kwa mwingine. Kwa kazi hiyo alikuwa amewalea mabinti wawili, na hakuwa na nyingine. Na maji yangerudi, hilo halikuwa na ubishi. Mtaro mkubwa uliokuwa ukiyapeleka bondeni sasa ulikuwa chini ya ghala la mzee wa kanisa. Aliufukia mwaka juzi, akajenga juu yake. Kila mtu alijua, hata watoto walilitaja ghala lile katika wimbo wao wa kuruka kamba. Kanisani jambo hilo liliitwa "ile hali," na kila Jumapili waliliombea.

Mzee wa kanisa alifika kwa mshonaji Alhamisi ya wiki ya pili, mikono ya shati ameikunja, akabeba ndoo za tope kama watu wengine.

"Pole, fundi," alisema.

Tofali lililodondoka lilikuwa bora kuliko yote yaliyotangulia, jekundu, kingo zimenyooka. Mwashi aliligonga, likalia vizuri, akalibusu. Mshonaji alilitazama na moyo ukamuuma. Alitegemea vumbi. Alikuwa amejiandaa kumcheka mbele za watu, na sasa hakuwa na la kucheka, kwa sababu mtu yule alimhurumia kweli.

Mzee alirudi Ijumaa, akarudi Jumamosi. Jumamosi alasiri ukuta ukafika kwenye paa, kwaya ikapiga vigelegele, na mzee akajifuta jasho, akamsogelea mshonaji.

"Haya, fundi, ukuta umeisha. Sema basi umeshapoa, kesho tufunge shughuli kwa ibada ya shukrani."

"Na mtaro je?"

"Pole," alisema mzee. Tofali.

"Pole umenipa, mzee wangu, na Mungu akuzidishie. Iko ile nyingine."

"Ipi tena?"

"Samahani."

Mafagio yalisimama. Mwashi alirudisha miguu nyuma, kwani hakuna aliyejua samahani ingedondosha kitu gani, wala cha ukubwa gani. Mzee aligeuza shingo. Akalitazama ghala lake lililokuwa likionekana juu ya mapaa, na machozi yakamlengalenga.

"Pole sana, fundi," alisema, na mawili yakaanguka kwa pamoja.

Mshonaji aliyaokota mwenyewe. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni, lakini tofali zuri halitupwi.

"Asante," alisema. "Mwashi, tuinue sakafu."

Ibada ya shukrani ilifanyika hivyo hivyo, bila mtu aliyepoa, na ikafana. Jumatatu akina mama wakarudi na ndoo zao. Mzee naye hakukosa siku hata moja. Alipita asubuhi akienda ghalani na jioni akirudi, akimpa pole kila mmoja mlangoni pake, na nyuma yake mwashi akisukuma toroli. Sakafu ya mshonaji ikapanda ngazi tatu, kisha tano, kisha saba. Ya Mama Mwenyekiti ikapanda sita. Bibi mmoja wa mwisho wa mtaa alilalamika kuhusu magoti yake, akapewa pole, akajengewa mteremko.

Mvua zilikuja kwa wakati wake. Maji yakashuka kwa njia yao ya siku zote, yakafika kwenye ghala, yakakuta mtaro umezibwa, yakageuka na kuingia mtaani. Kwa kinyozi yaliruka ukuta. Kwa mshonaji yalipanda mpaka ngazi ya tano, yakaishia hapo. Ndani, sare mia mbili zilikuwa zimekunjwa kavu, na nusu ya kwaya ilikuwa imejibanza humo ikinywa chai, na kinyozi na kiti chake, na mkewe aliyekuwa amekaa mbali naye kidogo. Walikuwa wakicheka jambo fulani alilolisema mwashi.

Mzee wa kanisa akatokea kwenye kona akiburuta miguu, maji kiunoni, mwavuli mkononi. Alisimama chini ya ngazi, akainua uso.

"Pole, fundi."

Tofali likadumbukia.

"Asante, mzee!" waliitikia wote kutoka juu, na mwashi akatelemka ngazi mbili, akachomeka ufito mrefu pale lilipozama, ili maji yakipungua alichukue.