Vidonge Viwili Badala ya Kimoja

Kazi yangu ni kupima maini ya panya. Mtafiti anamlaza panya usingizi, anamkata theluthi mbili za ini, anamshona, na baada ya siku kadhaa mimi nalitoa lililobaki na kuliweka kwenye mizani. Kwa kawaida, ndani ya wiki moja hivi, limeshakaribia uzito wake wa zamani. Ini ni kiungo chenye kiburi, ukilikata linaota. Nimeifanya kazi hii miaka tisa bila kichefuchefu wala machozi, na nyumbani wananiona mtu baridi. Siwalaumu.

Kwa hiyo mama alipoambiwa ini lake limejaa mafuta mpaka limekakamaa, na kwamba hatapona bila kupewa kipande cha ini la mtu mwingine, mimi ndiye niliyegeuzwa mwalimu wa familia. Vipimo vyangu havikuoana na vya mama. Vya mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, vilioana. Alikubali kabla daktari hajamaliza kusema.

Jumapili moja tukiwa mezani akaniuliza, "Kaka, hivi ini linajuaje kwamba limekatwa?"

Mtu akiniuliza habari za kazi, huwa sijui kunyamaza. Nikamweleza kuhusu serotonini. Watu wanaijua kama kemikali ya furaha kichwani, nikasema, lakini sehemu kubwa hutengenezwa kwenye utumbo. Huko inadandia chembe sahani, zile za damu zinazoziba kidonda, nazo zinaifikisha kwenye ini. Panya ambao chembe zao hazina mzigo huo, ini lao huchelewa kuota. Nikaongeza kwamba hata yenyewe ina ubaya wake, maana kwa panya wanaolishwa mafuta mengi, serotonini ya utumbo hulifanya ini lirundike mafuta. Hapo hakuwa ananisikiliza tena.

"Kwa hiyo ikiwepo ya kutosha, linaota haraka?"

"Kwa panya, ndiyo."

"Basi vizuri," akasema, akaanza kukusanya vyombo.

Wiki tatu baadaye, siku moja kabla ya kwenda kulazwa, nilimpitia kazini kwake. Nilimkuta anatia uzi kwenye sindano huku mkono unamtetemeka. Fundi aliyeshona miaka kumi na miwili, tundu la sindano linamshinda. Jasho lilikuwa linamtiririka na feni inazunguka juu ya kichwa chake. Nikamuuliza anaumwa nini. Akacheka, akavuta droo ya cherehani, akatoa boksi la vidonge.

"Nisikufiche, kaka. Hizi ni dawa za sonona. Nilikuwa nameza kimoja kwa siku. Tangu ile Jumapili nameza viwili."

"Nani kakuambia?"

"Wewe. Daktari wangu alisema zinaongeza serotonini, na wewe ukasema serotonini inaotesha ini. Nataka langu liote upesi, na la mama pia."

Nikaketi juu ya robota la vitambaa. Hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko za wanafunzi wengi waliopita maabara kwetu, ila alikuwa ameingilia mlango wa nyuma. Vidonge vile huizuia serotonini isifyonzwe. Kichwani hilo ni jambo jema, inabaki ikifanya kazi. Lakini chembe sahani hupata mzigo wao kwa kufyonza, na zikizuiwa zinabaki tupu. Alikuwa anamwaga maji akidhani anateka.

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, safari hii.

"Kesho mwambie daktari," nikasema.

"Nikisema watanikataa. Halafu mama atajua."

"Usiposema wewe, nitasema mimi."

"Kaka, usinifanyie hivyo." Kisha akaahidi kwamba atasema.

Hospitali ile ilikuwa na mtindo wa kusoma fomu kwa sauti mbele ya familia nzima, ati kusiwe na siri kati ya anayetoa na anayepokea. Aliyeubuni mtindo huo nadhani hakuwahi kuwa na mama. Muuguzi akafika kwenye swali lenyewe: "Unatumia dawa yoyote?"

Mdogo wangu akamtazama mama kitandani, macho ya njano, mabega yamekonda, tumbo limejaa maji.

"Hapana," akasema.

Muuguzi akatia alama. Nilikuwa naogopa, sioni haya kusema. Nikinyamaza, atapasuliwa akiwa na dawa maradufu mwilini. Nikisema, mama huenda akakosa ini.

"Anatumia," nikasema. "Za sonona. Na amejizidishia."

Daktari wa upasuaji akaitwa. Alisema hakuna mwenye hakika dawa hizo zinalichelewesha kiasi gani ini la binadamu, ila zinaweza kuzidisha uvujaji wa damu, na mtu aliyejiongezea dawa kisha akaficha, yeye hamgusi kwa kisu. Asiache ghafla. Arudi kwenye kidonge kimoja, aonane na daktari wake, kisha tuje kupima upya baada ya wiki mbili. Nikamuuliza kama mama anazo hizo wiki mbili. Akasema anatumaini hivyo.

Nisimsumbue msomaji: mama alizifikisha, na leo wote wawili wapo hai. Lakini siku ile hatukulijua hilo.

Daktari na muuguzi walipotoka, mama akamuuliza binti yake, "Tangu lini?"

"Miaka miwili, mama."

"Kipindi kile ulipokuwa huamki, nikakumwagia maji kitandani, nikakuita mvivu mbele ya wageni?"

"Ndiyo, mama."

Mama akajivuta ukutani kwa taabu mpaka nafasi ikapatikana. "Njoo ulale hapa. Nitazingoja hizo wiki." Mdogo wangu akavua viatu, akapanda. Kisha mama akanigeukia.

"Na wewe? Umejua lini?"

"Jana."

"Jana," akasema. "Na mnaishi nyumba moja."